Nani Atamwitikia Tharcisse

Tharcisse Kabemba alikufa siku ya Jumanne, saa ya chakula, wakati yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba yake anakula bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Hakusikia uchungu wowote. Hata tonge halikumkwama.

Aliyemuua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Séraphin Mbuyu, mwenzake wa benchi moja katika Collège Saint-Évariste ya Lubudi, siku hizi bosi wa malori ya madini, mwenye jeep nyeupe na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanaweza kusimama yenyewe bila mtu ndani. Siku hiyo Séraphin alikuwa anakatiza mtaa wa Kasulo, hapo Kolwezi, kukwepa foleni ya malori, yakiwemo yake. Mbele ya nyumba ya Tharcisse akaona turubai limefungwa, viti vimepangwa, na Odile, mke wa Tharcisse, amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Kilio. Mtu mwingine angesimamisha gari, ashuke, aulize: nani? Lakini vumbi la Kasulo lilikuwa jingi, na kiatu cha Séraphin kilikuwa kipya. Akapandisha kioo, akatoa simu, akawaandikia wenzake wote wa Amicale ya Anciens, chama cha waliosoma Saint-Évariste, Section ya Lualaba: "Ndugu yetu Tharcisse ametutoka. Natoka kwake sasa hivi. Machozi hayana mwisho."

Kilio kilikuwa cha Kanyinda, kijana mchimbaji aliyetoka Kasai, aliyepanga chumba cha uani na ambaye udongo ulimfunika shimoni. Hakuwa na ndugu Kolwezi, basi Odile akamtolea kiwanja, maji ya kuoga na machozi. Ila Kanyinda hakusoma Saint-Évariste, kwa hiyo kifo chake hakikuingia kwenye simu ya mtu yeyote.

Katika simu za Anciens, zile sura ndogo za manjano zililia mpaka jioni. Wakili alilia. Daktari alilia mara mbili, maana mtandao ulikatika na hakuwa na hakika kama machozi ya kwanza yalifika. Lakini hakuna aliyekuja kukaa mkekani. Hakuna hata aliyepiga simu ya marehemu kumpa pole mjane. Angepiga, marehemu angepokea.

Tharcisse mwenyewe hakuona kitu. Walikuwa wamemwondoa katika kundi hilo tangu alipopoteza ukarani na kuanza kubeba viti kwa shemeji yake Dodo, mdogo wa Odile, anayekodisha viti na maturubai ya harusi na vilio. Waliandika kwamba wanamwondoa "kwa sababu za utaratibu".

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja watu wawili wakabisha hodi kwa Odile: Muamba, Président wa Section, mwenye tumbo lililotangulia kuingia, na nyuma yake Secrétaire wake, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu anayetafuta kosa. Odile alikuwa anakanda unga wa mikate. Akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akawapa viti. Président akakitazama kiti kwanza, akatandika leso yake juu, ndipo akakaa.

"Mama Odile," akasema, "hapana kuongea. Tunaelewa."

"Munaelewa nini, tata?"

"Yote. Tharcisse—"

"Tharcisse eko kazini," Odile akasema.

Président akafumba macho. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja kitu kitamu. "Unasikia, Secrétaire? Mujane anasema bwana yake eko kazini. Iyo njo imani! Andika. Nitaiweka mu discours, mu hotuba yangu."

Secrétaire akaandika. Odile akamtazama huyu, akamtazama yule, akaanza kuelewa polepole, na alipoelewa alitaka kucheka, kisha akataka kuwafukuza kwa mwiko wa mikate. Akafungua mdomo. "Batata, musikilize. Bwana yangu—"

"Jumamosi," Président akaendelea, maana hakuwa mtu wa kukatizwa na mambo madogo kama ukweli, "tuko na mukutano mukubwa ya Section. Tutaita majina ya bafu betu, bale balikufwa. Na Amicale imeamua: mutoto wa Tharcisse anaenda Saint-Évariste, siku hizi banapokea na basichana. Internat, analala kulekule. Miaka yote sita. Ada, tunalipa shiye."

Naomie, binti yao, alikuwa mlangoni na beseni la mikate kichwani. Msichana huyu alikuwa ameshinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kuliko watoto wote wa darasa lake, na zawadi aliyopewa ni lile beseni. Odile akamwona akisimama, mkono mmoja hewani. Mdomo wa Odile, ambao ulikuwa umefunguliwa ili useme kweli, ukabaki wazi kidogo, kisha ukajifunga.

"Kuko kitu kimoja tu," Secrétaire akasema. "Kanuni. Jina ya mufu ikiitwa, lazima mutu mumoja aitikie: Présent, maana yake niko. Mwenye kuitikia njo baba ya mutoto pale internat. Matela ya kulalia, blanketi, ndoo, njia ya kwenda na kurudi, ni juu yake. Kama hakuna wa kuitikia, fasi inapita kwa yatima mwingine. Kuko mumoja wa Kisenge anangojea."

"Lakini usiogope, mama," Président akasema huku akikunja leso yake. "Kwa jina ya Tharcisse? Batapigana!"

*

Tharcisse alirudi saa kumi, bega moja limeshuka kwa sababu ya viti. Odile akamwekea maji ya kuoga, akamwekea chakula, akangoja anywe. Halafu akamwambia kwamba amekufa.

Tharcisse alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Kisha akajifuta uso kwa mkono.

"Banalia?"

"Banasema banalia sana."

"Na Séraphin?"

"Banasema yeye njo aliona kilio ya Kanyinda. Yeye njo alitangaza."

"Séraphin!" Tharcisse akarudi nyuma kwenye kiti. "Unajua, kule Lubudi, mangaribi, Frère, ule bruda wa zamu, alikuwa anaita majina. Séra eko inje ya ukuta, anafuata basichana ba gare ya treni. Mi njo nilikuwa naitikia kwa yeye. Nageuza sauti kidogo: Présent! Miaka yote. Hakupata hata fimbo moja." Akatabasamu kama mtu aliyepewa barua ya zamani. Kisha uso ukabadilika. "Naenda kubaambia. Sasa hivi. Mi ni muzima!"

"Enda," Odile akasema. "Utabaambia nini tena? Ubaambie na kazi yako? Batasema félicitations, hongera, halafu batapa mutoto wa Kisenge fasi ya mutoto yako."

"Kumbe nifwe kwa hiari yangu?"

"Ulipokuwa muzima, balikupa nini? Hata bonjour hapana. Sasa umekufwa, banakupa masomo. Mi naona kufwa kunakupatia bei nzuri." Akamsogezea sahani. "Na tena haiumi. Angalia, unakula muzuri."

Tharcisse alikula bila kuangalia. Naomie, aliyekuwa amekaa kizingitini akijifanya anapanga mikate, akasema bila kugeuka:

"Papa, bakiniuliza?"

"Utasema papa alikufwa."

"Na kama uko pale, unaniangalia?"

Baba mtu akatafuna kwa muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa.

"Sitakuangalia," akasema.

Ndipo Dodo akaingia na kelele zake, kofia nyuma ya kichwa. "Shemeji! Jumamosi tuko na kazi mukubwa. Viti, maturubai, meza, yote. Banaita sijui Amicale ya ba nani ba Lubudi." Akaona nyuso zao. "Nani alikufwa?"

"Mi," Tharcisse akasema.

Walipomweleza, Dodo alilala chini kwa kicheko. Alipoinuka akasema Tharcisse asiende, atatafuta mbebaji mwingine. Lakini Tharcisse akakataa. Mtu anapata mara ngapi bahati ya kusikia kilio chake mwenyewe? Na zaidi, akasema, kama kuna uso ambao hauonekani Kolwezi nzima, ni uso wa mtu anayebeba kiti.

*

Alisema kweli. Jumamosi, chini ya maturubai, Anciens wa Saint-Évariste walijaa na tisheti zao mpya zenye sura ya mtakatifu, ambaye juu ya matumbo yale alionekana amenenepa. Walikaa kwa vyeo. Mbele kabisa viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, kwa wenye jeep. Katikati viti vya plastiki vyenye mikono, kwa wenye pikipiki. Nyuma viti visivyo na mikono, kwa walimu. Walikumbatiana, wakapigana migongo, wakaulizana "unafanya nini siku hizi" huku macho yakisoma jibu kwenye saa na viatu. Aliyekuwa wa mwisho darasani alikuwa na meza peke yake.

Karibu na kipaza sauti palikuwa na picha kubwa ya Tharcisse, utepe mweusi pembeni. Ilikuwa picha ya mwaka wa mwisho wa shule: nywele nyingi, mashavu, meno yote. Tharcisse alipita mbele yake na viti vinne begani, ovaroli limejaa vumbi, kofia ya Dodo kichwani. Akapita tena. Mara ya tatu akasimama kabisa, akainyoosha, maana ilikuwa imepinda.

"Petit, we kijana!" Ilikuwa sauti ya Séraphin, kutoka kwenye vitambaa vyeupe. "Kiti hiki kinayumba. Fanya mbio."

Walizaliwa mwaka mmoja. Tharcisse akaja, akapiga magoti, akaweka kijiwe chini ya mguu wa kiti. Séraphin hakushusha macho. Alikuwa anamtazama Naomie, aliyekaa na mama yake kwenye kiti cha wafiwa, gauni la kuazima limembana mabega.

"Ona mutoto!" Séraphin akawaambia walio karibu. "Pua ile! Macho yale! Tharcisse mwenyewe, anatembea! Mi nilimujua Tharcisse kama mukono yangu. Ningemutambua hata mu giza." Kisha kwa yule aliyepiga magoti miguuni pake: "Bado tu, petit?"

"Imekwisha, patron," Tharcisse akasema kwa sauti ya chini.

Naomie alikuwa anaangalia magoti yake mwenyewe. Alikuwa anayaangalia kwa nguvu zote.

Hotuba ya Séraphin ilichukua muda mrefu kuliko maisha ya watu wengine. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimtembelea rafiki yake kitandani, kila jioni, na machungwa. Alisimulia jinsi marehemu alivyomshika mkono akasema, "Séra, chunga Saint-Évariste." Watu wakafuta macho. Nyuma, kwenye nguzo ya turubai, Dodo akamnong'oneza shemeji yake: "Machungwa ulikula peke yako?"

Ndipo Secrétaire akasimama, na wote wakasimama naye, kwa ajili ya kuita majina. La kwanza lilikuwa la mzee mmoja tajiri, ambaye watoto wake wamekwisha kuzeeka nao wako Ulaya. "Présent!" turubai zima likanguruma, sauti zikapigana kweli.

"Kabemba Tharcisse."

Kimya.

Kilikuwa kimya cha ajabu. Mtu anaweza kufikiri ni heshima. Lakini tazama vizuri: wakili ametoa simu, anasoma kitu cha haraka sana. Daktari anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mmoja wa wale wenye jeep amegeuka nyuma kumtazama mwalimu, kana kwamba godoro ni kazi ya walimu. Mwalimu anatazama mbinguni. Na Séraphin, aliyemjua marehemu kama mkono wake, anautazama mkono wake.

"Kabemba Tharcisse," Secrétaire akarudia.

Président akacheka kidogo kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, huzuni imebafunga midomo. Séraphin?"

"Président, mi ningependa," Séraphin akasema, "ila niko na watoto batatu ba marehemu kaka yangu. Tusimunyime mwingine baraka."

Mwingine hakuitaka baraka. Odile alikuwa amekaza vidole vyake juu ya mkono wa Naomie. Mtoto akainua macho. Naye alikuwa amejiapia moyoni kwamba hatamtazama baba yake, na hakumtazama; alitazama picha.

"Kanuni ni kanuni," Secrétaire akasema, akachukua kalamu ya pili. "Naita mara ya mwisho. Halafu ile fasi inaenda Kisenge. Kabemba Tharcisse!"

"Présent!"

Ilitoka nyuma, kwenye nguzo, kubwa, ya mtu aliyefundishwa kuitikia akiwa amenyoosha mgongo. Vichwa vyote vikageuka. Walimwona mtu wa viti, sanduku la chupa tupu mikononi, kofia imeanguka. Alisimama hapo wazi mbele yao, pua ile, macho yale, na picha yake kubwa mbele kabisa, na watu wote wakatazama mara hii na mara ile.

"Nani huyu?" Président akauliza.

"Ni mutu wa biti," mtu akajibu.

"Haiko memba," Secrétaire akasema.

"Kanuni inasema memba?" Président akamuuliza.

Secrétaire akapekua. Kanuni ilisema mtu. Upepo wa furaha ukapita chini ya turubai. Mabega yakashuka, simu zikarudi mifukoni. Président akapaza sauti: "Tazama, Anciens! Mutu wa kubeba biti anatufundisha moyo! Mupigieni makofi!" Nao wakapiga, wakipiga kwa nguvu zaidi wale waliokuwa wameogopa zaidi.

"Jina yake niandike nani?" Secrétaire akauliza, lakini alimuuliza Président, siyo mwenye jina.

"Andika mutu wa biti. Tuendelee, chakula inapoa."

Hivyo ndivyo Tharcisse Kabemba, marehemu, alivyokabidhiwa mtoto wake mwenyewe amlee, mbele ya wasomi wote wa mkoa, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kuna kitu kimezidi. Wakampa na sahani ya mabaki. Aliila nyuma ya turubai, akakuta nyama ya kilio chake ina chumvi nyingi.

*

Walipokuwa wanapakia viti kwenye gari la Dodo, Séraphin akaja, peke yake, miwani mkononi. Ile sauti ilikuwa imemfuata katika wali, katika bia, katika ngoma. Sauti ile ilikuwa imemwokoa kutoka fimbo za Frère kwa ujana wake wote.

"Tharcisse," akasema.

"Séra."

Wakasimama. Mtu mwingine angemkumbatia. Séraphin akatazama kwanza kama kuna anayewaona.

"Mbona hukunipigia hata simu?"

"Mufu anapiga simu?"

"Hapana kucheza. Mi nilishatoa discours, Tharcisse. Balisha-filmer. Bameitumia mpaka Lubumbashi." Akamshika ovaroli kwa vidole viwili, mahali palipokuwa na vumbi kidogo. "Nakuomba, ndugu yangu. Baki hivyo hivyo."

"Nitabaki. Mutoto atasoma, mi nitabaki mufu muzuri kabisa." Tharcisse akapandisha kiti cha mwisho. "Ila matela, Séra. Matela na blanketi. Mi niliitikia jina yako miaka mingi. We ilikushinda mara moja."

Séraphin akavaa miwani. "Kesho natuma chauffeur. Na matela ya muzuri, ya kutoka duka. Neno langu."

Kesho ikafika, na kesho yake, na wiki ya kufungua shule. Dereva hakuonekana. Labda vumbi.

*

Basi Tharcisse akatoa godoro la kitanda chake, lile la sponji lililokonda katikati, akalikunja, akalifunga kwa kamba ya turubai. Yeye na Naomie wakaenda Lubudi juu ya lori la mahindi. Njiani mtoto hakusema kitu. Walipoona ukuta wa Saint-Évariste, na lile pengo ambalo Séraphin alikuwa akirukia, bado halijazibwa, Naomie akauliza:

"Papa, hapa nikuite nani?"

"Usiniite."

Getini palikuwa na foleni ya watoto na masanduku, na meza, na yule Frère wa majina ya jioni, sasa mzee mwenye sikio moja lililojaa pamba. Alikuwa anaita wapya kutoka kwenye karatasi, jina la ukoo kwanza, kama zamani. Tharcisse alisimama nyuma ya binti yake, godoro kichwani, ndoo mkononi, akiona mbele hatua mbili tu.

"Kabemba!"

"Présent!" wakaitikia wote wawili, kwa pamoja, mmoja kwa sauti nyembamba na mwingine kutoka chini ya godoro.

Frère akainua kichwa. Akamtazama msichana. Akainama kidogo, akachungulia chini ya godoro, akautazama uso uliokuwa pale bila haraka. Na tangu Jumanne ile ya kifo, huyu ndiye mtu wa kwanza miongoni mwa wasomi aliyefanya kazi hiyo ndogo. Akarudi kwenye karatasi yake. Akapitisha kidole mpaka kwenye mstari.

"Hapa imeandikwa baba ni marehemu," akasema.

Naomie akameza mate. "Ndiyo, Frère. Alikufwa."

"Pole, mwanangu." Frère akatia alama, akapuliza wino. "Basi mwambie marehemu aingize hiyo matela ndani, kitanda cha pili, upande wa dirisha. Na akitoka asiruke ukuta kama wenzake. Apite mlangoni."